Moorfield Storey na Mapatano ya Watu Wasiopatana

Katika siasa za kila nchi hufika wakati ambapo watu wasioafikiana hata kidogo juu ya kodi, mishahara na madaraka ya serikali hujikuta wamesimama upande mmoja, kwa sababu mbele yao pana dhuluma moja. Hapo huzuka swali: je, yafaa washirikiane, au kila mmoja aende zake kwa kuogopa kuchafuliwa na mkono wa mwenzake? Wako wasemao ya kwamba mapatano ya namna hiyo ni unafiki mtupu. Wako na wengine wasemao ya kwamba ni busara isiyo na gharama. Maisha ya Mmarekani mmoja, wakili Moorfield Storey, yaonyesha ya kwamba wote wawili wamekosea.

Katika Marekani ya siku zake zilikuwako kambi mbili za watu waliojiita wapenda uhuru. Kambi ya kwanza iliamini ya kwamba mtu huwa huru pale serikali inapomwachia mali yake, mkataba wake na biashara yake, isimwingilie ila kumlinda na mwizi na mwuaji. Kambi ya pili ilikuwa ya wapenda maendeleo. Hao waliamini ya kwamba maskini hana uhuru wowote ikiwa tajiri aweza kumfanyisha kazi usiku na mchana kwa ujira wa kubahatisha, na kwa hiyo serikali haina budi kuingia kati kwa sheria. Storey alikuwa mtu wa kambi ya kwanza tangu ujana hata kaburini. Alitaka serikali ndogo, biashara isiyo na ushuru mkubwa, na fedha iliyodhaminiwa kwa dhahabu. Walakini, kwa miaka mingi aliongoza vyama viwili vilivyojaa watu wa kambi ya pili, na kazi aliyoifanya humo ndiyo iliyolihifadhi jina lake.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1845 huko Roxbury, karibu na mji wa Boston, katika jimbo la Massachusetts. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 1866, kisha akaingia katika masomo ya sheria. Mwaka 1867 alikwenda Washington kuwa karani wa Seneta Charles Sumner, akakaa naye kwa muda wa miaka miwili. Sumner ndiye yule Seneta aliyepigwa kwa bakora ndani ya ukumbi wa Seneti mwaka 1856, hata akaanguka na kupoteza fahamu, kwa kosa la kuwashutumu wenye watumwa. Kabla ya hapo, mwaka 1849, alikuwa amesimama mbele ya mahakama ya Massachusetts kudai watoto weusi wasitengwe katika shule za peke yao, akashindwa.

Kwa Sumner huyo kijana Storey alijifunza jambo ambalo hakulisahau tena: ya kwamba usawa wa watu mbele ya sheria hauna rangi, na ya kwamba mtu hapimi haki kwa wingi wa kura zake. Aliporudi Boston alifanya kazi ya uwakili, akawa mwenye sifa na mapato mema, akiyatumikia makampuni makubwa. Mwaka 1896 alikuwa rais wa Chama cha Mawakili cha Marekani. Kwa hali yake, mtu kama huyo angeweza kuishi kwa raha na kufa pasipo kumwudhi mtu.

Lakini Storey alikuwa na tabia moja iliyowakasirisha viongozi wa vyama: hakukiona chama kuwa ni kabila ambalo mtu huzaliwa ndani yake asitoke. Mwaka 1884 chama chake cha Republican kilipomteua James G. Blaine kugombea urais, mtu aliyeandamwa na tuhuma za kujipatia fedha kwa njia zisizo safi, Storey pamoja na wenzake walikihama, wakampigia kura Grover Cleveland wa Democratic. Cleveland alishinda. Wengine waliwacheka wahamaji wale kwa kuwaita wasioaminika. Wao wakajibu kwa matendo ya kwamba uaminifu wa kwanza ni kwa jambo lenyewe, wala si kwa bendera iliyolibeba jana.

Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania. Vita vilianza kwa kauli ya kuwakomboa watu wa Cuba, vikaishia kwa mkataba wa mwezi Desemba ambao kwa huo Hispania iliitoa nchi ya Philippines kwa malipo ya dola milioni 20. Wenyeji wa Philippines hawakuulizwa. Walikuwa wamekwisha kutangaza uhuru wao tarehe 12 Juni mwaka huo huo, chini ya uongozi wa Emilio Aguinaldo. Mwezi Februari 1899 majeshi ya Marekani na yale ya Wafilipino yalianza kupigana, na Marekani, nchi iliyozaliwa kwa kumkataa mfalme wa ng'ambo, ikawa yenyewe mtawala wa ng'ambo.

Storey alikuwa miongoni mwa waliohutubia mkutano wa mwezi Juni 1898 katika ukumbi wa Faneuil, Boston, mkutano uliozaa Shirikisho la Kupinga Ubeberu. Msomaji na awatazame wanachama wake. Alikuwamo Andrew Carnegie, tajiri wa chuma. Alikuwamo Samuel Gompers, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu mgomo wa mwaka 1892 huko Homestead, kwenye kiwanda cha Carnegie huyo huyo, ambako wafanyakazi walipigwa risasi na askari wa kukodiwa na chama chao kikavunjwa. Alikuwamo Jane Addams, mama aliyeishi kati ya maskini wa Chicago na kudai sheria za kuwalinda. Alikuwamo Rais wa zamani Cleveland, aliyepeleka majeshi mwaka 1894 kuvunja mgomo wa reli katika Chicago hiyo hiyo. Alikuwamo mwandishi Mark Twain. Wahenga walituonya ya kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Hapa walikaa zaidi ya wawili.

Wala tusidanganyike ya kwamba wote waliingia kwa nia moja. Wengine walipinga kutwaliwa kwa Philippines kwa sababu hawakutaka watu wa rangi nyingine waingie katika taifa lao, na wengine waliogopa vibarua wa bei rahisi. Sababu ya Storey ilikuwa nyingine. Kwake yeye, serikali isiyokubaliwa na wanaotawaliwa ni dhuluma, iwe kwa Wafilipino au kwa watu weusi wa majimbo ya kusini. Aliona ya kwamba anayezoea kumtawala mtu wa mbali bila ridhaa yake hatakawia kumtendea jirani yake vivyo hivyo.

Mapatano hayo yalijaribiwa mwaka 1900. Mgombea aliyepinga ubeberu katika uchaguzi wa urais alikuwa William Jennings Bryan, ambaye pia alitaka fedha ya nchi idhaminiwe kwa madini ya fedha ili wakulima wenye madeni wapate nafuu. Kwa watu wa dhahabu jambo hilo lilikuwa kama kuubomoa msingi wa nyumba. Shirikisho liliwashauri wafuasi wake wampigie kura Bryan hata hivyo. Lakini Carnegie na wengine kadhaa waliona hawawezi, wakarudi kwa Rais McKinley. Storey mwenyewe aligombea kiti cha Baraza la Wawakilishi akiwa hana chama, akashindwa. McKinley alishinda, na vita vikaendelea.

Wengi wangefunga jalada hapo. Storey hakulifunga. Mwaka 1902 yeye na mwenzake Julian Codman walitoa kijitabu kilichokusanya ushahidi wa ukatili wa majeshi huko Philippines, wakitumia maandiko ya serikali yenyewe. Mwaka 1905 akawa rais wa Shirikisho, akabaki katika kiti hicho hata lilipokufa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 81, alitoa kitabu juu ya kutekwa kwa Philippines pamoja na Mfilipino kijana, Marcial Lichauco. Uhuru wa nchi ile ulifika tarehe 4 Julai 1946, Storey akiwa amekwisha kufa miaka 17.

Kazi yake ya pili ilianza mlangoni pake. Mwezi Agosti 1908 kundi la wazungu liliwashambulia watu weusi wa Springfield, Illinois, mji alikoishi Abraham Lincoln, likaua na kuchoma nyumba. Kutokana na msiba huo, mwaka 1909 wazungu na weusi walikutana na kuanzisha chama cha kitaifa cha kuwaendeleza watu weusi, ambacho Wamarekani hukiita kwa herufi zake NAACP. Katika waanzilishi wake, Mary White Ovington na William English Walling walikuwa wajamaa. Florence Kelley alikuwa mpiganaji mashuhuri wa sheria za kupunguza saa za kazi. Profesa W.E.B. Du Bois, ambaye Waafrika wengi wanamfahamu kwa mikutano ya umoja wa watu weusi, na ambaye alifariki Accra mwaka 1963, alikuwa mhariri wa gazeti la chama. Na rais wa chama, tangu mwanzo wake hata mwaka 1929, alikuwa Moorfield Storey, wakili wa makampuni.

Urais huo haukuwa pambo. Mwaka 1912, Chama cha Mawakili kilipotaka kuwaondoa wanachama watatu baada ya kugundua ya kwamba ni weusi, Storey, rais wake wa zamani, alisimama kuwapinga wenzake. Aliandika pia hoja za NAACP mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika shauri la jimbo la Oklahoma. Huko ilitungwa sheria iliyomtaka mpiga kura athibitishe kwamba ajua kusoma na kuandika, ila yule ambaye mababu zake walikuwa na haki ya kura kabla ya mwaka 1866 alisamehewa. Mababu wa watu weusi mwaka huo hawakuwa na kura, na hiyo ndiyo maana ya hila ile. Mahakama iliifuta mwaka 1915.

Shauri kubwa zaidi lilikuja kutoka Louisville, Kentucky. Mwaka 1914 halmashauri ya mji ule ilipitisha sheria ndogo iliyomkataza mtu mweusi kukaa katika nyumba iliyo kwenye mtaa wenye wazungu wengi, na kadhalika mzungu kwenye mtaa wenye weusi wengi. Miji mingine ilikuwa imekwisha kufanya hivyo, ya kwanza ikiwa Baltimore mwaka 1910. William Warley, mtu mweusi na kiongozi wa tawi la NAACP mjini humo, alipatana na dalali mzungu, Charles Buchanan, kununua kiwanja katika mtaa wa wazungu, kwa sharti kwamba hatalipa ikiwa sheria itamzuia kukaa hapo. Dalali akashtaki ili alipwe. Kwa hiyo mzungu ndiye aliyekuwa akilalamika ya kwamba sheria ya ubaguzi imemnyima haki ya kuuza mali yake.

Hapo ndipo imani ya Storey ilipogeuka silaha mikononi mwa watu wasioishiriki. Mahakama ya Juu ya siku zile haikuwa rafiki wa mtu mweusi. Mwaka 1896 ilikuwa imehalalisha mabehewa ya reli yaliyotengwa kwa rangi. Lakini mahakama hiyo hiyo iliheshimu sana mali na mkataba. Storey hakuwaendea majaji kwa maneno ya udugu pekee, bali aliwauliza kwa namna waliyoizoea: ikiwa mwenye kiwanja hawezi kumwuzia amtakaye, je, mali hiyo ni yake bado? Tarehe 5 Novemba 1917 majaji wote kwa sauti moja waliifuta sheria ya Louisville, na pamoja nayo ikaanguka nguvu ya sheria kama hizo katika miji mingine.

Inafaa tuone jinsi jambo hilo lilivyokuwa gumu kwa wenzake wapenda maendeleo. Mwaka 1905 mahakama ile ile, kwa hoja za ukoo ule ule, ilikuwa imefuta sheria ya New York iliyokataza mwoka mikate kufanyishwa kazi zaidi ya saa 60 kwa juma. Florence Kelley na wakili Louis Brandeis walihangaika sana, hata mwaka 1908 wakapata hukumu iliyoruhusu jimbo la Oregon kuweka kikomo cha saa 10 kwa siku kwa wanawake wa viwandani. Sasa Kelley alikuwa katika chama kimoja na mtu aliyeishika kwa mikono miwili fimbo iliyowapiga waoka mikate. Na mwaka 1916 Rais Wilson alipomteua Brandeis kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, Storey alikuwa miongoni mwa marais wa zamani wa Chama cha Mawakili walioandika kumpinga. Brandeis alithibitishwa. Mwaka uliofuata akaketi katika jopo lililompa Storey ushindi wa Louisville. Hakuna katika hao aliyemtaka mwenzake atubu kwanza ndipo wafanye kazi.

Baadaye lilikuja shauri la Arkansas. Usiku wa tarehe 30 Septemba 1919 wakulima weusi waliolima pamba kwa kugawana mavuno na wenye mashamba walikutana kanisani, karibu na mji wa Elaine, kujadili chama chao cha kudai bei ya haki. Risasi zilipigwa, mzungu mmoja akafa, na kwa siku zilizofuata watu weusi waliwindwa na kuuawa kwa wingi. Walioshtakiwa walikuwa weusi. Watu 12 walihukumiwa kifo katika kesi zilizochukua muda mfupi sana, umati wenye hasira ukiwa nje ya mahakama. Wakili mweusi Scipio Africanus Jones aliishughulikia kesi hiyo kwa ujasiri mkubwa huko Arkansas, na mwezi Januari 1923 Storey, mzee wa miaka 77, aliitetea mbele ya Mahakama ya Juu. Alikuwa na mashaka na nguvu za vyama vya wafanyakazi. Lakini alijua ya kwamba kesi inayoendeshwa kwa kuogopa umati si kesi. Mahakama ilikubali kwa kura 6 dhidi ya 2, Brandeis akiwa katika wale 6. Kufikia mwaka 1925 wale watu 12 wote walikuwa wamekwisha kuachiliwa.

Ushirika ulimbadilisha na Storey pia. Mwaka 1918 ulipoletwa mswada wa kuipa serikali ya Washington uwezo wa kuwaadhibu wanaoua watu kwa makundi bila hukumu, alisita, akiamini ya kwamba Katiba haikuipa serikali kuu madaraka hayo. Wenzake walizidi kumwonyesha ya kwamba majimbo yenyewe hayawaadhibu wauaji. Storey aliichungua Katiba upya, akaafiki, akautetea mswada. Tarehe 26 Januari 1922 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 231 dhidi ya 119. Katika Seneti wajumbe wa kusini waliuzuia kwa kuzungumza pasipo kikomo, ukafa.

Hata hivyo, ushindi wa Louisville ulikuwa na upande wa kivuli. Wazungu waliokatazwa kutumia sheria ya mji waligeukia mikataba. Majirani walitia saini ahadi ya kutowauzia weusi nyumba zao. Mwaka 1926 shauri la mikataba hiyo lilifika Mahakama ya Juu kutoka Washington, Storey akiwa miongoni mwa mawakili wa upande wa weusi, na majaji walilitupilia mbali. Walisema Katiba huizuia serikali, haiwazuii watu binafsi. Hoja ya uhuru wa mali, iliyoufungua mlango mwaka 1917, sasa ilikuwa imesimama mlangoni ikiwazuia watu wale wale. Mpaka mwaka 1948 ndipo Mahakama ilipoamua ya kwamba hakimu akiitekeleza ahadi ya namna hiyo, basi ni serikali yenyewe inayobagua. Katika miaka hiyo yote familia nyingi nyeusi zilibanwa katika mitaa michache, zikilipa kodi kubwa kwa vyumba vibovu.

Moorfield Storey alifariki tarehe 24 Oktoba 1929, akiwa na miaka 84. Siku iyo hiyo soko la hisa la New York lilianza kuporomoka, na ulimwengu wa uchumi aliouamini ukaingia katika msukosuko ambao haukutoka kama ulivyokuwa.

Tukiyapima maisha hayo, twaona ya kwamba mapatano ya watu wasiopatana yaliweza kufanya mambo ambayo kambi moja peke yake isingeweza. Wapenda maendeleo walikuwa na ari na watu. Hawakuwa na sikio la majaji. Storey alikuwa na sikio hilo. Lakini bila wao asingejua habari za Warley wala za wakulima wa Elaine. Walipatana juu ya jambo moja lililotajwa kwa jina lake, na katika mengine wakaendelea kupingana hadharani.

Lakini twaona pia ya kwamba kila mshirika huleta silaha yake pamoja na upofu wake. Mtu aliyezoea kuiogopa serikali tu hachelewi kuuona mkono wa dhuluma ukiwa umevaa sare. Hukawia kuuona ukiwa umeshika kalamu ya mkataba wa majirani. Upofu huo hautibiwi kwa kumfukuza mshirika, wala kwa kunyamaza ili asiudhike. Hutibiwa kwa kuendelea kumwonyesha, kama wenzake Storey walivyomwonyesha katika habari ya mswada ule. Na yeye kwa upande wake hana budi kuwa na moyo wa kutazama. Storey alikuwa nao, angalau katika jambo hilo, na si wengi wa umri wake na cheo chake waliokuwa nao.